Kufuli la Tatu

Jumatatu akanipigia mtu wa jimbo,
sauti kavu kama muhuri ukigonga karatasi:
"Fundi, njoo na kufuli la shaba, zito kuliko lao."
Nikatoka Dillon na giza,
maili arobaini za kokoto na theluji ya Aprili
isiyojua kama inaaga au inabisha hodi.

Geti lilikuwa limeshafungwa.
Kufuli la Washington, jeusi, namba ubavuni,
juu yake kibao: njia hii ni ya shirikisho.
Mtu wa jimbo akakitazama
kama anayesoma jina lake limekosewa kaburini.
"Hatukuingia kwenye Muungano ili tuombe ruhusa ya kupita," akasema.
"Njia hii ilikuwa yetu kabla hawajaichora."
Leland, Mshoshoni, dereva wa greda,
akacheka kidogo, akazima injini.
Hakuna aliyemuuliza anacheka nini.

Nikafunga. Ni kazi.

Jumanne akanipigia mtu wa shirikisho,
mpole, amechoka, ana mafua.
"Kuna kufuli si letu pale getini. Tunaomba ulikate."
Nikamwambia nimelifunga mimi.
"Vizuri," akasema, "basi mnajuana."
Akaniambia sheria ya juu ni ya juu,
akaninukulia kifungu, akapenga kamasi.
Nikakata.
Jumatano la jimbo likarudi, nene zaidi.
Risiti zangu zote zililipwa kwa wakati,
na kodi iliyozilipa ni ya watu walewale.

Nami nimekulia ndani ya hesabu hii.
Wete: serikali moja, mbili, au tatu?
Mjomba Shaame na shemeji yake walibishana
mpaka wakakatiana salamu,
karafuu zikaoga mvua juu ya majamvi
kwa kuwa kila mmoja alisubiri mwenzake azianue.
Nilidhani hesabu hiyo nimeiacha ng'ambo.
Kumbe imenitangulia, imekaa getini,
imeshavaa koti.

Siwalaumu. Aliye mbali
hupima theluji kwa rula juu ya meza;
na aliye karibu hukumbuka kwamba bwawa
lilijengwa kwa fedha za mbali
siku lile bwawa linapovuja.

Bi Marlys Tveit ana bendera ya jimbo kwenye kioo cha gari
na mitamba sitini upande huu wa geti.
Maji yako upande ule.
Mitamba hawakusoma katiba.
Walisimama wakaramba mnyororo,
wakaacha mate yagande juu ya shaba.

Alhamisi nikawaita wote wawili.
Nikawaonyesha kwa mikono, kama watoto:
ukifunga kufuli juu ya kufuli, hapiti mtu;
ukilipitisha hili kwenye pete ya lile,
mnyororo ni mmoja, funguo ni mbili,
na kila mwenye wake anafungua.
Wakakubali upesi. Kisha wakakaa saa nzima
wakigombea la nani likae karibu na nguzo.

Upepo ukashuka mlimani, ukatugeuza kola.
Bi Marlys akatoka garini, noti mkononi:
"Nipe la tatu. Dogo. La banda la kuku linatosha."
Nikamfungia katikati yao. Pesa sikuchukua.
Wale wawili wakatazamana;
hakuna aliyepata kifungu cha kumkataza.
Mitamba wakapita mmoja mmoja,
wakitikisa vichwa kama waliotoka kupiga kura
na bado hawana hakika.

Leland akawasha greda, akaizima tena.
Akaja polepole, akaushika mnyororo,
akayapima makufuli kiganjani
kama anayenunua vitunguu.
"Fundi," akasema, "la nne bei gani?"